Mashua Iliyofungwa Kama Ndama Ziwa Basotu

Niliondoka nyumbani Dongobesh kwa sababu mjukuu wangu Paskalina alipiga simu analia. Huyu ndiye anayefundisha watu wa Basotu kuendesha mashua ya tanga, na wana chama chao kabisa. Mtoto wa mlimani, mwalimu wa maji. Msimwone hivi hivi. Sasa mkufunzi mkuu alikuwa anakuja kutoka pwani kuwatazama, awapeleke bahari kuu au awaache, na wanachama hawataki kwenda mbali na ukingo wa ziwa.

"Bibi, wakikataliwa chama kinakufa, na mimi narudi kulima vitunguu saumu."

Asubuhi nikapanda basi la Haydom. Nilishuka mwekundu kwa vumbi kama tofali. Kutoka hapo bodaboda. Dereva akauliza, "Bibi, Basotu kuna msiba?" Nikamwambia naenda kufundisha watu bahari. Akaongeza mwendo mpaka tukafika.

Basotu, mchana. Mashua ni nzuri, tanga jeupe, lakini imefungwa kigingini ufukweni kwa kamba ndefu ya ng'ombe. Wanasafiri mpaka kamba inakaza, wanapiga makofi, wanavutwa kurudi.

"Shikamoo bibi," akasema mwenyekiti wao, Bwana Ramadhani, mwenye duka la misumari na tumbo la heshima.

"Marahaba. Mbona mmeifunga kama ndama?"

"Mali haiachwi bila kamba, bibi."

"Na baharini?"

"Tunafikiria kununua kamba ndefu zaidi."

Paskalina akafunika uso. Lakini mimi nimechunga tangu utoto. Ng'ombe akigoma kuvuka mto hapigwi wala hahubiriwi, unatangulia ng'ambo na chumvi. Nikamwambia mvuvi mmoja anipakie kwenye mtumbwi wake, mimi na sufuria la nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa ajili ya mgeni wa pwani. Mimi maji yangu ni ya beseni. Nilifumba macho, nikakumbatia sufuria. Katikati ya ziwa nikafunua mfuniko, na upepo ukapeleka harufu ufukweni.

Wakainua pua. Halafu Bwana Ramadhani akapaza sauti, "Bibi, maini yapo?"

"Yapo, ila yanapungua."

Wakafungua kamba wenyewe. Mashua ikaja imelala ubavu, Paskalina anaamrisha, "Legeza tanga. Mwenyekiti, hamia upande wa pili, utatuzamisha." Wakala, wakageuza, wakazunguka ziwa, wakanisahau. Kiboko akatoa kichwa, akawatazama, akazama zake.

Jioni mgeni wa pwani akakuta kigingi na kamba, hakuna wa kumsalimia. Akawasubiri mpaka wakarudi wanaimba, mimi na mvuvi wangu nyuma yao.

"Hawa nawachukua," akamwambia Paskalina. "Nani aliwazoeza kwenda mbali hivyo?"

"Njaa, mwalimu."

Nikamtazama.

"Na bibi yangu," akasema haraka.

Kesho yake nikarudi Dongobesh. Mzee wangu akauliza huko katikati ya ziwa kuna nini. Nikamwambia ni maji yale yale ya ukingoni. Tofauti yake, ukifika huko huwezi kujifanya umekuja kuchota.