Gari la Mezani

Nilipohamishiwa Kigoma kufundisha fizikia, nikitokea Mtwara, nilipata vyumba vya kupanga Ujiji, uani kwa mjane mmoja aliyekwisha kuvuka miaka sitini. Yeye alikaa nyumba kubwa ya mbele, peke yake, kwa kuwa watoto wake walikuwa wamekwenda kuishi Mwanza na Dar es Salaam. Nilimwita mama. Yeye aliniita mwalimu, hata siku alizonigombeza kwa kuacha bomba linavuja.

Mchana wa Jumamosi Ujiji hulala. Joto hushuka kutoka kwenye mabati, na ukungu wa ziwa huifuta milima ya Kongo kule ng'ambo mpaka mtu hawezi kuapa kama kweli ipo. Saa hizo nilikuwa nakaa barazani na kompyuta yangu, nikiangalia video fupi ya gemu ambayo ilikuwa bado haijatoka. Ilikuwa gemu ya mbio za magari. Waliokuwa wakiitengeneza waliahidi kwamba ingefanana na kweli kuliko zote zilizotangulia: tairi zingepata moto na kuisha, gari lingekuwa jepesi kadiri mafuta yanavyopungua, na mvua ingelowesha kona moja na kuiacha nyingine kavu. Niliijua ile video kwa moyo, lakini niliendelea kuiangalia. Ilikuwa inanipeleka mahali.

Siku moja mama alikuja kuniletea migebuka ya kukaanga, akasimama nyuma ya kiti changu, sahani mkononi.

"Mvua hiyo inanyesha wapi?" akauliza.

"Si mvua ya kweli, mama. Ni gemu."

"Na anayeendesha?"

"Hakuna mtu. Ikitoka, nitaendesha mimi."

Aliinama akakitazama kioo cha mbele cha lile gari, matone yakitambaa juu yake, waipa zikiyafuta, mengine yakija. "Ego," akasema taratibu, kwa Kiha chake. "Hivyo hivyo. Matone ya pembeni hayafutiki, yanakusindikiza mpaka mwisho wa safari." Akaketi, samaki wakapoa.

Ndipo aliponieleza habari za mumewe. Alikuwa dereva wa lori, akibeba chumvi kutoka Uvinza na mawese kutoka huku kwetu, zamani, barabara ilipokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Walipooana alimchukua safari nyingi, yeye kwenye kiti cha abiria, miguu juu ya gunia. Alizijua kona zote. Alijua kwa mlio wa injini kwamba mumewe anataka kubadili gia kabla mkono wake haujashuka. Mara moja, mahali tambarare pasipo na mtu, alimwomba amwachie usukani kidogo tu. Mumewe alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Wewe nitazamie barabara." Watoto wakaja, safari zikaisha, na mwishowe mume naye akaenda zake kwa Mola. Mama hakuwahi kuomba tena.

Miezi ikapita. Gemu ikaahirishwa, kisha waundaji wakatoa sehemu ndogo ya majaribio ili watu waionje. Niliipakua kwa siku kadhaa, maana mtandao ulikuwa ukipepesuka. Nilikuwa na usukani wa gemu niliouziwa na mwenzangu aliyehamia Dodoma, pamoja na klachi, breki na mafuta vyake vya kukanyaga, na kigia kidogo. Nikaufunga kwenye meza ya chakula ya mama kwa sababu meza yangu ilikuwa inayumba. Kigia nikakiweka kushoto, kama magari yetu.

Nilikimbia mizunguko michache, nikagonga fensi, nikacheka peke yangu. Mama alikuwa mlangoni. Nikamuuliza kama anataka kujaribu, nikidhani atakataa.

Alivua ndala. Akajifunga kanga vizuri, akavuta kiti, akaweka mguu kwenye klachi kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga maji ya ziwa alfajiri. "Bismillahi," akasema.

Gari likazimika. Likazimika tena. Ile gemu haikuwa na huruma, ilitaka klachi iachiwe kama inavyotakiwa. Halafu likaondoka, na chumba kizima kikaanza kusogea pamoja na mama. Hivyo ndivyo nilivyoona: pazia, kabati la vyombo, picha ya Makka ukutani, vyote vikielea nyuma ya bega lake huku barabara ikija mbele.

Aliendesha polepole. Magari mengine yalimpita yakinguruma, yakatoweka.

"Hawa wanakimbilia wapi?" akauliza.

"Wanashindana, mama."

"Waache wawahi."

Kulikuwa na sehemu ambapo njia ilipanda, na upande wa pili wa fensi kulikuwa na ziwa. Mimi nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kuliona, maana pale ndipo unapotakiwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Mama aliweka gari pembeni, akakanyaga breki, akatoa gia. Injini ikabaki inanong'ona. Waundaji walikuwa wametia hata upepo, na ndege fulani wa nchi za watu. Tukakaa. Ziwa la kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa la buluu iliyofifia, na kupitia dirisha la sebule lilionekana ziwa letu, nalo limefifia vilevile, na kwa muda sikuweza kusema lipi lilikuwa linatoa ile sauti ya upepo. Adhana ya alasiri ilipoanza, mama hakuondoka mara moja. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

Tangu hapo, kila Jumamosi, meza ikawa gari. Hakuwahi kumaliza mbio hata moja. Alijifunza kupanda mlima bila kurudi nyuma, kushuka kwa gia ndogo, kuhisi tairi zinapoanza kuteleza kwenye majimaji. Niliposema anaendesha vizuri, aliuliza, "Mwalimu, hiki ninachojifunza hapa, kwenye gari la kweli kinafanya kazi?"

Sikujua. Nilikuwa na gari langu dogo, kuukuu, lililokuwa likiwaka kwa kubembelezwa. Nikamwambia tujaribu.

Tulikwenda Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha mpira kilichokuwa kitupu, umande bado uko juu ya nyasi. Tukabadilishana viti. Alishika usukani, mara akaondoa mikono.

"Linatetemeka," akasema.

"Ni injini tu, mama."

"La mezani halitetemeki namna hii. Hili linaishi."

Lilizimika. Akawasha. Likaruka kama mbuzi, likazimika tena, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha msichana. Kisha mguu wake ukakumbuka. Gari likateleza taratibu juu ya umande, tukauzunguka uwanja, tukauzunguka tena, milango ya magoli ikipita bila nyavu, jua likipanda juu ya nyumba za mtaa wa Buzebazeba. Hakusema neno, na mimi sikuthubutu kusema. Nilihofia tungeamka.

Tuliporudi alinieleza kwamba angejiandikisha chuo cha udereva. Mwanawe wa Mwanza alipiga simu, na kwa kuwa mama huweka simu kwa sauti kubwa, nilisikia yote nikiwa uani.

"Mama, kwa umri huo? Si uchukue bajaji tu? Ujiji nzima itasema nini?"

"Itasema nimepita."

"Na ukigonga mtu?"

"Mwanangu, mimi sikimbii. Muulize mwalimu, magari yote yananipita."

Kijana akauliza ni magari gani hayo, na mama akaanza kumweleza habari za meza. Maelezo yalikuwa marefu. Mwishowe nilimsikia mwanawe anacheka, akamwambia, "Basi vaa miwani."

Alisoma na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake. Mtihani wa kwanza alifeli, kwa kuwa alisimama katikati ya barabara kumpisha bata. Alirudi, akalala mchana kutwa, akaamka akapika. Mtihani uliofuata alifaulu. Siku alipopata leseni aliivaa shingoni ndani ya kifuko cha plastiki mpaka jioni, akisalimia watu mlangoni, "Mwakeye," ingawa asubuhi ilikwisha kupita zamani.

Gemu yenyewe bado haijatoka. Imeahirishwa mara nyingine, wanasema wanataka kuirekebisha mvua. Mimi sina haraka nayo tena. Kila Jumamosi mama huniazimisha gari, yaani gari langu mwenyewe, maana funguo hukaa kwake. Wiki iliyopita aliniomba nimsindikize Kibirizi kununua dagaa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na barabara ilikuwa imelowa upande wa ziwa tu. Nilifunga mkanda, nikaegemeza kichwa. Mimi ni mtu ambaye silali mwingine akiendesha, nimezoea kukanyaga breki isiyokuwepo. Lakini alibadilisha gia bila mshtuko wowote, na nyumba zikaanza kupita polepole, mwanamke anatandaza nguo, mbuzi juu ya tuta, mitumbwi ikiwa imepinduliwa mchangani.

"Lala tu, mwalimu," akasema, macho yake yakiwa mbele. "Tukifika nitakuamsha."

Nikalala.