Jirani na Pikipiki Yake ya Mtumba

Tangu jirani yangu anunue pikipiki ya mtumba, sijanywa chai ikiwa moto. Kila asubuhi huchuchumaa kando yake, hulipapasa tangi kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto mwenye homa, kisha huniita kwa sauti: “Jirani, unaonaje?” Nikifungua mdomo, yeye ameshaokota spana. Nilimwambia usukani ule ule unatosha; akaweka mwingine mpana kama pembe za ng'ombe, na sasa pikipiki hupita mlangoni kwa ubavu kama kaa. Nilimwambia bomba la moshi lisiguswe. Akalitoboa, na mtaa mzima huamka naye. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ikawa zamu ya kiti. “Kirefu mno hiki, kinaipunguzia mbio. Unaonaje?” Nikasema, “Kiache! Shemeji atakaa wapi?” Msumeno ulikuwa umeshafika katikati. Alikuwa bado anapuliza vumbi la sponji mkewe alipotoka, kajifunga kitambaa cha safari kichwani, mkoba begani. Mama wa watu akakitazama kipande cha kiti kilicholala chini. “Na mimi nakaa wapi?” Jirani akajikuna kisogo kwa mpini wa msumeno, kisha akanigeukia mimi, macho yamejaa lawama. “Jirani, si nilikuuliza?”