Fromaji Yangu na Safari ya Mkubwa wa Inchi

Niliondoka Ndosho, mtaa wetu wa Goma, kwa sababu moja: fromaji yangu, hii jibini ya maziwa ya ng'ombe ninayouza, ilikuwa inarudishwa mpakani. Watu wa duwani wa inchi jirani, wale wa ushuru, walisema haijulikani kama haitaua mutu. Mimi naila tangu utoto, na niko hapa. Basi Mkubwa wa inchi yetu alipokwenda kwa hao majirani kukaza urafiki na kufungua biashara, wachuuzi wa Goma walinichagua niwe katika msafara. Masomo yangu ni machache. Maduka yangu ni mengi kuliko masomo.

Asubuhi tulishika barabara ya Rutshuru, fromaji moja kubwa ya mviringo juu ya magoti yangu. Dereva alifungua madirisha yote. Sikumuuliza sababu.

Mpakani, mutu wa duwani aliinusa. "Muzee, hii haipiti."

"Ni zawadi ya Serikali."

Aliangalia mwaliko wangu, akaangalia kofia yangu, akaniacha.

Katika mji mkuu wao, kwenye karamu, niliketishwa mbali. Mkubwa wetu nilimtambua kwa tai. Hotuba zilisema undugu, undugu, undugu. Kisha ministri wao wa biashara, mama mmoja mnene mwenye miwani, akainua glasi: "Tunywe kwa urafiki wetu." Wote wakainua. Mimi nikafunika yangu kwa mkono.

"Papa, kunywa," akanong'ona mutu wetu wa protokole, yule wa kutuonyesha adabu za karamu.

"Mwenye nyumba hajanywa."

"Kunywa, papa, wanatuangalia!"

"Kwetu anayetoa ndiye anaonja kwanza. Ndivyo mugeni anajua hamna sumu."

Nilisema kwa sauti yangu ya sokoni, sina nyingine. Ukumbi mzima ukageuka. Mkubwa wetu alikuwa amefikisha glasi mdomoni. Akaishusha.

Mama ministri alinitazama. Akanywa yake yote, akaigeuza juu chini. "Sasa, muzee, umeridhika?"

"Ndiyo, mama. Na mimi nimeleta yangu, ile watu wenu wa duwani wanaturudishia."

Nikatoa fromaji, nikakata, nikatafuna, nikameza, nikafungua mdomo aone. Akapokea kipande. Akatafuna muda mrefu.

"Hii ndiyo wanayowarudishia?"

"Ndiyo hii."

Akaomba kipande kingine. Mutu wa protokole hakunisemesha tena mpaka tulipoachana.

Kesho yake mikataba ilitiwa saini. Nilimwomba mutu anisomee yote. Fromaji haikuwamo.

Wakati wa kurudi, nilikuta kamyo yangu ya fromaji imesimamishwa upande wao wa mpaka, dereva wake amelala chini yake. Mutu wa duwani alikuwa yule yule.

"Muzee, tumepigiwa simu kutoka mji mkuu."

"Wamesema nini?"

"Fromaji ipite. Lakini mwenyewe aonje kwanza, mbele yetu."

"Leo?"

"Kila mzigo, muzee."

Nikapanda kamyo, nikakata, nikala. Ikapita.

Sasa kila kamyo inapokwenda, nami nakwenda. Suruali zangu za zamani hazifungiki tena, nimempa mdogo wangu. Nimejifunza kwamba urafiki wa inchi mbili unahitaji wakubwa wa kutia saini, na mutu mmoja mwenye tumbo zuri.