Fidelina na Bei ya Wekundu

Fidelina Rápalo alizaliwa Mwekundu, yaani mtu wa chama cha bendera nyekundu. Hakuchagua. Huko milima ya Santa Bárbara, Honduras, mtu haulizwi chama chake, anaulizwa ni mtoto wa nani. Dada yake Olimpia akaolewa na Nectalí, Mbluu, mtu wa chama pinzani, na watu wakasema ndoa hiyo haifiki mbali. Ilifika. Kilichovunjika ni undugu, na aliyeuvunja ni Fidelina mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa tisini, Wabluu wamechukua nchi, bei ya kahawa iko chini kabisa. Mtoto wa pekee wa Fidelina alifunga mzigo akaenda kutafuta kazi Marekani. Mama wa watu akapandwa na hasira. Alipotoka kwenye mzani wa mnunuzi wa kahawa, akamkuta Nectalí kwenye foleni na magunia yake, akamwambia mbele za watu, "Chama chako kimeninyang'anya mwanangu. Usikanyage kwangu, wewe wala mkeo." Akaondoka bila kungoja jibu. Miaka minne hawakusalimiana, hata kanisani.

Sasa ni mwaka wa tisini na nne, Wekundu wako madarakani tangu Januari, na bei imepanda zaidi ya mara mbili. Mwalimu Lisandro, kiongozi wa Wekundu kijijini, akaja na tabasamu lake la kampeni.

"Mama Fidelina, si unaona mwenyewe tulivyotimiza? Jumapili tunakula hapa kwako, halafu unasimama kidogo, unaishukuru serikali yako."

Sasa huyu Fidelina ni mtu anayepima gunia lake nyumbani kabla ya kulipeleka kwa mnunuzi. Hata mikate inayouzwa kanisani huibonyeza kwanza.

"Mmefanya nini hasa, mwalimu?"

"Sera."

"Sera gani?"

"Nzuri," akasema mwalimu, akanywa kahawa yake akiangalia milima.

Fidelina hakuridhika. Akamwendea Chepe, mnunuzi mwenye lori, ambaye hana chama kwa sababu huwapunja wote sawasawa.

"Chama gani, mama?" Chepe akacheka. "Mwezi wa sita na wa saba baridi imeunguza mibuni ya Brazil. Kahawa imeadimika dunia nzima. Hao wenu hata wangelala mwaka mzima, bei ingepanda."

"Na ile ya mwaka wa tisini?"

"Ile, nchi zinazolima na zinazonunua zilikuwa zimeshindwa kuelewana, kila moja ikamwaga kahawa yake sokoni. Tena bei ilianza kuanguka mwaka mmoja kabla, Wekundu wenu wakiwa bado wanatawala. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Au hakutaka kukumbuka, mimi sijui. Alirudi akifurahi kwamba amemnasa mwalimu, ila furaha hiyo haikumfikisha nyumbani. Kama Lisandro hastahili sifa, Nectalí alistahili matusi yale kwa lipi? Alisimama njiani kwa aibu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na nane.

Akamwambia mwalimu atafute uwanja mwingine wa kulia chakula Jumapili. Kisha akaenda kwa dada yake.

Olimpia alimtazama kutoka mlangoni. "Wamekutuma? Kura yangu hampati."

"Sijatumwa. Nimekuja kumwomba shemeji radhi. Bei ile hakuiangusha yeye."

Nectalí alikuwa anachambua kahawa barazani. Hakuinuka.

"Shemeji," akasema, "siku ile ungengoja kidogo tu, ungeniona nikilipwa bei ileile yako. Na mimi nilimlilia yule kijana. Nani alimpeleka hadi kituo cha basi, unadhani?"

Fidelina hakuwa akijua hilo. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Olimpia alimletea kahawa, akaiweka karibu naye, lakini yeye akabaki amesimama.

"Nikuulize, dada. Wabluu wetu wakirudi madarakani, na bei ikaanguka tena, bado utakuja kwetu?"

Fidelina alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika mdomoni, akasita, maana kwa mara ya kwanza maishani mtu ambaye hakumwamini ni yeye mwenyewe.