Funga, Fungua

Waliotunga neno funga na neno fungua hawakuwahi kulala chali chini ya bomba. Wangewahi, wangetafuta maneno mawili yasiyofanana. Hata lugha yetu ya nyumbani ina ubaya huo huo: kufunga tunasema ikala, kufungua tunasema ikula. Irabu moja tu, na kwa irabu hiyo moja fundi anaweza kuoga bila kupenda. Mimi nilioga hivyo mjini Kakamega, miaka michache baada ya uhuru, na aliyenimwagia maji alikuwa mama mkwe wangu.

Nilikuwa fundi wa mabomba. Kazi yangu ilikuwa kuzitunza nyumba za serikali zenye mapaa ya vigae, zile ambazo Wazungu walizihama mmoja mmoja na maofisa wetu wakaingia. Nilikuwa na spana zangu mwenyewe na kiburi kingi. Mtu akiniita fundi wa vyoo nilikuwa sisemi naye tena mwaka mzima.

Mama mkwe hakunitaka. Kwetu tunamwita mavyala. Alitaka bintiye aolewe na mwalimu, au hata kijana wa chuo cha kilimo cha Bukura, mradi awe mtu wa kalamu. Alipoambiwa kwamba mchumba ni fundi wa mabomba aliuliza, "Ni ule anachokoranga vyoo?" Swali hilo lilinifikia likiwa zima, kwa maana maneno ya namna hiyo hayavunjiki njiani.

Na mila ilimpa mahali pa kujificha. Kwetu, mkwe na mavyala hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kando. Watu huiita heshima, nami sikatai. Lakini ukikaa miaka mitatu ukiona mgongo wa mtu ukipotelea kwenye mahindi, hujui tena kama unaheshimiwa au unadharauliwa. Mimi niliamua kwamba nadharauliwa, na nilikasirika polepole, miaka yote mitatu.

Siku ya kupeleka mahari nilimpelekea leso. Niliinunua Mumias, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyenisalimu kwa salamu ndefu kabla hajanionyesha kitu, kisha akaniambia leso huchaguliwa kwa maandishi, rangi baadaye. Nikachagua iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mgeni ni mimi, mwenyeji ni yeye. Nilijiona mjanja sana. Sikuwahi kumwona ameivaa. Ningemwona wapi?

Mavyala alikuwa mpishi katika moja ya nyumba hizo za vigae. Alimpikia Mzungu miaka mingi, na Mzungu alipoondoka, ofisa mpya alimrithi pamoja na jiko. Lilikuwa jiko la kuni, la chuma, limejengewa ukutani kwa matofali, na ubavuni lina tangi la maji. Ukikoka moto wa kupika, maji nayo yanapata moto, yanatoka kwenye mfereji wa sinki. Maji baridi yaliingia kwenye tangi kwa kipande cha mpira kilichosukwa waya nje, kimejificha nyuma ya kabati. Mpira huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko serikali yetu.

Alhamisi jioni mke wangu aliweka sahani ya obusuma, ugali wetu, mezani akabaki amesimama.

"Mama amesema," akaanza, kisha akajirekebisha. "Hakusema kwako. Amesema tu."

"Amesema nini?"

"Mpira ya jiko imeoza. Maji inamwagika chini, haifiki kwa tangi. Mama mwenye nyumba, bibi ya ofisa, anasema ni yeye aliharibu jiko ya serikali. Jumamosi wazazi wake wanatoka Lugari kumwona, na kama hakuna maji moto siku hiyo, mama atafute kazi kwingine."

Wazazi hao walikuwa wamepata shamba la mahindi lililokuwa la Mzungu, na binti yao alitaka waone kwamba kwake pia maji ya moto yanatoka ukutani. Nilielewa. Nilielewa pia kwamba mavyala hakuwa na pengine pa kupikia. Wakati huo kila mtu alitaka msichana mdogo anayejua kusoma pakiti, na yeye alikuwa mjane aliyejua kupika kwa kunusa.

"Si aandikishe ofisini, waniletee karatasi?"

"Wataandika mpira imevuja kwa muda mrefu na mpishi alinyamaza. Alinyamaza kweli. Alikuwa anaogopa."

"Na mila? Niingie jikoni mwa mavyala?"

"Jiko ni ya serikali," mke wangu alisema. "Mila haijui nyumba ya serikali."

Hoja hiyo sikuipenda, ila usiku huo nilipanga spana zangu kwenye mfuko.

Ijumaa asubuhi nikaenda. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kwenda sokoni. Jikoni hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa imefagiliwa, moto umezimwa tangu jana, kabati limevutwa kando, na pembeni kulikuwa na karai na matambara makavu yaliyopangwa vizuri. Nje, chini ya dirisha, nilisikia mtu akichambua mboga. Huyo ni yeye. Hatukusalimiana.

Nikalala chali nikaingiza kichwa nyuma ya jiko. Waya wa mpira ulikuwa umeliwa na kutu hadi kuwa kama nywele, na nati za pande zote mbili zilikuwa zimeota ukoko wa kijani. Mpira wenyewe ulikuwa umefungwa vitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kitambaa juu ya kitambaa, kwa mafundo madogo ya mtu mwenye subira. Nikaanza kuvisogeza kwa ncha ya kisu nifikie nati. Kimoja kiligeukia usoni kwangu, na nikasoma herufi: NJOO MWE.

Damu ilinichemka. Leso yangu! Niliyoipeleka kwa mikono miwili, alikuwa ameichana ikawa bendeji ya bomba. Nikasema moyoni, basi, leo nimejibiwa. Nilitaka kukusanya spana zangu nirudi nyumbani nikale. Kilichonizuia hakikuwa wema, nakiri. Nilikuwa nimeshauona mpira ule, na mimi sijawahi kuacha kazi ambayo nimeshaiona.

Mpira wa namna ile haukupatikana mjini. Duka la Mhindi lilikuwa na mpira wa kumwagilia maua, ambao karibu na jiko ungeyeyuka kabla wageni hawajaketi. Basi nikanunua paipu ya shaba. Paipu ya shaba ukiipinda hivi hivi inabonyea kama mrija wa jani la boga, kwa hiyo niliijaza mchanga mkavu wa mto Isiukhu, nikaziba ncha kwa vijiti, nikaipasha moto uani na kuipinda taratibu juu ya goti lililofunikwa gunia. Nikamwaga mchanga, nikaisuuza, nikaingiza nati. Kwenye meno ya nati nikazungushia katani niliyoipaka rangi ya mafuta. Nilipoipeleka nyuma ya jiko ilikaa mahali pake bila kubishana.

Shida ilikuwa koki. Koki ya kufungia maji ilikuwa nje, chini ya dirisha lile lile. Kila nilipotoka kwenda kuizungusha, mavyala alilazimika kuacha mboga na kukimbilia upande wa pili wa nyumba. Nilitoka mara mbili, akakimbia mara mbili, na mara ya pili nilimsikia akihema. Umri wake haukuwa wa kukimbia. Tena kujaribu kiungo kunataka watu wawili: mmoja nje kwenye koki, mwingine ndani ameshika nati.

Nikaliambia jiko, kwa sauti, "Wewe jiko, kungekuwa na mtu karibu na koki angenisaidia kufungua kidogo."

Kisha nje sauti ikamwambia kuku, "Wewe kuku, huyo anayeongea na jiko ajue kuna mtu."

Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake ikinielekea, hata kama ilipitia kwa kuku. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Maji yakaingia. Nati ya chini ikatoa machozi. Nikaita, "Jiko, funga!" Yakaongezeka. Nikaita kwa nguvu, "Funga! Funga!" na kila nilivyoita ndivyo alivyozidi kufungua, maana kupitia ukuta wa matofali funga na fungua ni mtu na pacha wake. Nikabadilisha lugha nikapiga kelele, "Ikala!" Yeye akasikia ikula, akazungusha koki mpaka mwisho. Kiungo kikaachia. Maji yalinipiga usoni, yakanijaa masikio, yakatambaa sakafuni kuelekea mlango wa sebule ambako mama mwenye nyumba alikuwa ameshatandika zulia la wageni.

Nikachomoka, nikabamiza matambara mlangoni, kisha nikavuta pumzi nikanguruma neno ambalo siliandiki hapa. Maji yakakatika. Neno lile alilisikia vizuri sana.

Nilikaa katikati ya dimbwi nikingoja mila initafune. Halafu nikasikia kitu: alikuwa anacheka. Alicheka kwa kujizuia, kama mtu aliye kanisani, na mimi, niliyelowa mpaka kwenye soksi, nikacheka pia upande wangu wa ukuta. Tulicheka hivyo, kila mtu na ukuta wake.

Alipomaliza, bomba liliita: kong. Alikuwa ameligonga kwa upawa wa chuma.

"Kuku," akasema, "mdomo ni mbaya. Moja ni kufungula. Mbili ni kufunga. Tatu ni sawa, mambo imeisha."

Nikachukua spana. Nikagonga moja, maji yakaja kidogo. Nikagonga mbili, yakakatika. Nikaongeza katani, nikakaza nati robo mzunguko, nikagonga moja tena. Tulifanya kazi namna hiyo kama saa nzima bila neno, na sijapata msaidizi mwingine aliyenielewa vile, katika miaka yangu yote ya kazi. Tangi likajaa. Nikapitisha kidole chini ya kila kiungo, na kidole kikarudi kikavu. Nikagonga tatu. Naye akajibu tatu.

Nikapangusa sakafu, nikatupa mpira wa zamani kwenye lundo la taka, nikapita upande wa mbele kumpisha. Akaingia, akakoka moto. Mimi nikaketi nje chini ya dirisha, pale pale alipokuwa yeye, kungoja nione kama shaba itavumilia.

Mama mwenye nyumba akarudi. Nilisikia viatu vyake, kisha mfereji, kisha kimya cha mtu aliyeweka mkono kwenye maji ya moto.

"Nani ametengeneza?"

"Fundi."

"Fundi gani? Anaitwa nani?"

Nikasikia mavyala akisukuma kuni jikoni.

"Nakuuliza jina la mtu aliyeingia nyumbani kwangu. Au unanificha kitu kingine?"

Nikasimama. Nilijua hawezi kulitaja jina langu, hata kama kazi itakwenda. Nilitaka kujitokeza niseme mwenyewe, lakini ningeingia walimo wote wawili, na hilo nalo lingemwaibisha. Nikabaki na mkono ukutani.

"Jina yake mimi sitajangi," alisema mavyala. "Ni mwana wanje."

Mtoto wangu. Hakusema mkwe, wala mume wa binti yangu. Mama mwenye nyumba naye ni wa kwetu, na asiyetajwa jina alimjua mara moja ni nani. Sauti yake ilipungua.

"Aa. Basi kesho wazee watanawa maji moto. Mpe chai, mama."

"Chai atakunywa nje."

Chai iliwekwa dirishani kwa mkono niliouona hadi kiwiko tu, mkono wenye unga. Nilikunywa nikiwa nimegeukia ukuta. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, maana ameniita mtoto wake nami bado nina hasira ya leso, na nadhani alijua niliyoyaona nyuma ya jiko. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama pembeni nisikomwona, na kuku hakuwa mbali.

"Kuku," akasema, "leso nzuri mtu hapasuli kwa kupenda. Maji ikimwagika, mtu anapasulanga ile iko kiunoni. Hii ilikuwanga kiunoni kila siku."

Niliacha kikombe dirishani, nikabeba spana zangu, nikazunguka nyumba. Nilipofika barabarani nikafanya ambalo mkwe hafanyi: nikageuka.

Alikuwa lundoni, amenipa mgongo, upawa wa chuma chini miguuni pake. Alikuwa anafungua vitambaa kutoka kwenye mpira wa zamani, fundo moja moja, anavikamua, anavitundika kwenye waya wa fensi. Vilikuwa vimechujuka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Nyuma ya jiko, kwa hasira zangu, nilikuwa nimeona kutu peke yake. Alivipanga, akarudi nyuma hatua mbili, akabadilisha viwili, mpaka maneno yakasomeka kuanzia kushoto: MGENI NJOO MWE. Kipande kilichobaki alikuwa bado anakitafuta.

Machozi yalinitoka, wala sioni haya kusema. Nikagonga nguzo ya fensi kwa spana, mara tatu. Hakugeuka. Aliinama akaokota upawa wake.