Penalti Zilizomezwa na Mashine ya Salfa

Jamani, mimi ni mtu mzima mwenye heshima ya wastani, lakini hadi leo nikipita Lisekese kuna akina mama wakiniona wanaanua nguo kambani, wala si kwa dharau, ni mazoea tu, nami huwa nawaamkia kama kawaida na kuendelea na safari huku shingo ikinichoma. Aibu hiyo niliitafuta mwenyewe, Jumamosi alasiri, akili zikiwa timamu na tumbo likiwa limeshiba, na chanzo chake (chekeni tu, nimezoea) ni ubishi kuhusu gemu la ndege za kivita.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana barabara ya Newala na malori yao, mitumba imejaa minadani, na kila mwenye vijisenti anataka kuanzisha kitu ambacho baba yake hakukijua. Tajiri mmoja wa korosho akaleta Masasi mjini kompyuta chakavu chache, akazipanga kwenye chumba kilichokuwa ghala (hadi tunafunga bado kilinuka magunia), akabandika kibao cha chuo na kuniajiri mimi, kijana wa Mnyambe niliyejua kuchapa bila kuangalia vidole. Ndani ya kompyuta moja, mwenyewe wa kwanza huko ng'ambo alikuwa amesahau gemu la ndege za kivita. Wanafunzi wakiondoka jioni, mimi na rafiki yangu Chilumba, karani wa tajiri huyohuyo na mwenye nyumba niliyopanga chumba kule Lisekese, tulikuwa tunapaa. Tuliruka juu ya milima ambayo haikuwa ya kwetu, chini ya anga la buluu isiyo na vumbi, na nawaambieni, kwa kijana ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko mkorosho, ule ulikuwa utajiri.

Sasa, kwenye gemu lile, adui akikumulika kwa rada na kukurushia kombora, unabonyeza kitufe kimoja, kifaa cha kuvuruga rada kinawaka, na kombora linapotea njia kama mlevi aliyetoka kilabuni. Kila mara. Uwe mbali, uwe karibu, uwe umemgusa adui pua, linapotea tu. Chilumba alikipenda kitufe hicho kuliko mshahara. Mimi kilinikera, kwa sababu nilikuwa nimesoma maelezo marefu yaliyokuja na gemu, Kiingereza cha kukausha mate, nikiwa na kamusi magotini, na nilichoelewa ni kwamba kifaa kile hakikufichi hata kidogo, kinapiga kelele tu. Rada inatuma sauti yake na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye ndege yako, nawe unapiga kelele ili mwangwi usisikike. Ukiwa mbali mwangwi ni mnyonge, kelele inaufunika, lakini ukisogea karibu mwangwi unapata nguvu na kupenya. Kwa hiyo gemu linadanganya, na waliolitengeneza walikuwa wavivu.

"Wewe unataka ukweli upi?" Chilumba aliniuliza. "Umeshapanda hata ndege ya abiria?"

"Sijapanda. Nimesoma."

"Umesoma! Kuvuruga ni kuvuruga, bwana. Ukiwasha, umepotea. Kama si kweli, nithibitishie hapahapa Lisekese."

Mtu mwenye busara angecheka na kwenda kulala. Mimi nikakumbuka mashine ya salfa.

Kwa msiotoka kwetu, mikorosho huugua ukungu wakati wa kiangazi, nasi huipulizia unga wa njano wa salfa kwa mashine yenye injini inayobebwa mgongoni, yenye mkonga mrefu kama pua ya tembo. Kila nyumba yenye mikorosho inajua jambo moja: mashine ambayo kofia ya plagi yake imepotea ikiwashwa karibu na redio, redio inakoroma. Nikamwambia Chilumba, rada ni nini kama si redio? Mashine yako haina kofia ya plagi. Nitaiwasha kule mwisho wa shamba, redio itazimwa na kelele, halafu nitatembea kuisogelea taratibu, na nikifika karibu, sauti ya mtangazaji itapenya kelele, kama maelezo yanavyosema. Wewe ukae pale penye redio, sauti ikipenya nipungie kofia yako ya kichwani.

Wale wenye akili mmeshaliona kosa. Mwangwi ni wangu mimi, unaongezeka nikisogea. Mtangazaji yuko Dar es Salaam, sauti yake haiongezeki hata nikiikumbatia redio. Lakini mimi sikuliona, nilikuwa na furaha mno ya mtu aliyesoma peke yake.

Na redio yenyewe? Redio kubwa ya karibu ilikuwa ya Mwalimu Nandonde, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ambaye uwanja wake ulitenganishwa na wa Chilumba na mikorosho tu. Jumamosi ile watani wa jadi walikuwa wanacheza, na nusu ya Lisekese ilikuwa imeketi pale kwenye vigoda na mikeka. Timu ya Mwalimu (siitaji, nataka kufika nyumbani salama) ilikuwa haijawafunga watani wake kwa muda mrefu sana, hadi watu walikuwa wameacha kumtania, wanamhurumia tu.

Na kuna jambo moja sijawaambieni. Mwalimu alikuwa na binti, Esta, na jioni hiyohiyo, mpira ukiisha, mzee alitakiwa kutoa jibu la posa yangu.

Mnajua kwetu neno la ndoa linabebwa na mjomba. Mjomba wangu alikuwa ameshuka na basi kutoka Mnyambe, shati limepigwa pasi hadi linang'aa, na asubuhi alinikalisha kitandani kwangu akaniambia, "Leo usionekane kwenye uwanja ule. Usionekane, usisikike. Niachie mimi." Nikamwitikia ndiyo, Mjomba. Na kwa mantiki ya wakati ule sikumdanganya, maana mikorosho ingenificha, na mashine ikinguruma hakuna ambaye angejua ni mimi. Nilimpenda Esta kiasi kwamba nikiiona kanga yake kwa mbali miguu ilisahau kupishana. Lakini ubishi nao una mapenzi yake.

Basi nikaivaa mashine. Nikalitikisa tangi, likasikika tupu. Nikavuta kamba ikagoma, nikavuta tena ikalia, na kule uwanjani (haya niliyapata baadaye) ikawa ndipo mchezo umemalizika sare na zinaanza penalti, na mtangazaji akawa anasema, "Anausogelea mpira..." halafu redio ikasema krrrrrrr.

Mimi nikaanza kutembea. Nikipita chini ya matawi, jua la alasiri likishuka vipandevipande kwenye mikono yangu, najiona rubani. Nikapenyeza macho kati ya majani. Kofia haipungwi. Nikajiambia, bado mbali, mwangwi haujapata nguvu. Nikasogea, nikaongeza moto kidogo, jaribio liwe kamili. Kofia bado. Nikasogea. Injini inanguruma kichwani, sisikii hata mawazo yangu, na kule redio inachemka kama mafuta ya maandazi, na Mwalimu, mzee wa kanisa, ameitia kifuani anaitikisa kama mtoto aliyepaliwa.

Ndipo nikaona mikono inapungwa. Si kofia moja. Mikono mingi, mikubwa kwa midogo, watu wamesimama kabisa wakinielekea na kupunga kwa nguvu zao zote. Moyo ukanijaa. Nikasema, kumbe Chilumba amewaeleza, kumbe watu wa Lisekese wanaipenda sayansi! Nami nikatoka mikoroshoni nikiwapungia, nikatabasamu, nikaongeza moto hadi mwisho.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Chilumba, midomo inacheza, sauti haisikiki, anakata hewa kwa kiganja shingoni. Hapo nikaelewa. Nikashika wenzo niliodhani ni wa moto, nikauteremsha chini kabisa. Sasa, mashine ya nyumbani Mnyambe, nilikokulia, wenzo wa moto uko chini na wa unga uko juu. Ya Chilumba ni ya kampuni nyingine, imegeuzwa, na kwa pupa mkono wangu ulirudia mazoea ya nyumbani, ukafungua unga. Na tangi halikuwa tupu, salfa ilikuwa imegandamana pembeni kwa unyevu wa tangu asubuhi, ikisubiri kutikiswa na injini. Kila mkulima wa kwetu hupulizia alfajiri, umande upo na upepo umelala. Mimi niliachia alasiri, upepo ukinisukuma mgongoni kwenda uwanjani kwa Mwalimu.

Lilikuwa wingu zuri, sitalikana. Lilitoka mkongani likiwa la njano iliyokolea, likapanda, likajikunja juu ya paa, jua likalipitia, halafu likashuka kwa upole wa kutisha juu ya vigoda, juu ya mashuka kambani, juu ya sufuria la Mama Esta, juu ya kipara cha Mwalimu na shati la mjomba wangu. Injini ikaishiwa pumzi yenyewe. Uwanja mzima ukaanza kupiga chafya.

Na redio ikarudi, safi kabisa, inapiga dansi. Mpira ulikuwa umekwisha.

"Nani ameshinda?" Mwalimu aliuliza, macho yakimchuruzika. Hakuna aliyejua. "Nauliza, nani ameshinda?"

Mjomba wake Esta, mzee mrefu aliyekuwa wa njano upande mmoja tu, akaninyooshea kidole. "Kijana huyu ni wa nani?"

Nilimtazama mjomba wangu. Alikuwa anatazama kiatu chake. Akatazama cha pili. Kisha akavuta pumzi, akakohoa, akasema, "Ni wangu."

Esta alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Si uliambiwa usisikike?" akasema, kwa sauti ndogo, na nikaona anauma mdomo, ila sikujua ni hasira au kicheko. Mama yake alikuwa anamwaga mboga.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. 

Hakuitikia marahaba. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, mnajua lilivyo.

Redio iliishiwa betri kabla ya taarifa ya habari ya usiku, na kesho yake kondakta wa basi ndiye aliyeleta habari: timu ya Mwalimu ilikuwa imeshinda. Wanasema mzee aliketi kwenye kigoda na kurudia polepole, "Imeshinda. Imeshinda, na mimi nasikiliza mashine." Jioni akamwita mjomba wangu, ambaye alikuwa bado anafua lile shati. "Jibu la posa ninalo," akamwambia. "Lakini kuna kitu changu kimepotea. Kijana wako aniletee penalti zangu. Zote. Jumapili ijayo, baada ya ibada, hapahapa."

Wiki ile kompyuta hazikuniona. Niliuliza makondakta, nikamuuliza muuguzi wa Newala aliyekuwa na redio zamuni, nikamvizia dereva wa lori aliyeapa alikuwa uwanjani mwenyewe. Kila mtu alinipa penalti zake. Nilizipima, nikazipanga, nikaziunganisha, ila ya tatu haikupatikana. Wote, ati, wakati wa ile ya tatu walikuwa wamefumba macho wakiomba.

Jumapili wakaja walewale, wakaketi palepale. Mwalimu akaiweka redio mezani, imezimwa, akaniamuru nisimame nyuma yake. "Haya," akasema. "Tangaza."

Nikatangaza. Sauti ilitetemeka penalti ya kwanza, ikakaa sawa ya pili. Ya tatu ilipofika nikafumba macho, nikasema mpigaji ameuweka mpira, amerudi nyuma hadi karibu atoke uwanjani, amekuja, amepiga, umegonga mwamba, umerudi, umemgonga kipa mgongoni akiwa bado hewani, unatambaa, unatambaa, umevuka mstari...

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Hiyo umeitunga."

Mjomba wangu akashika kichwa. Mimi, niliyekuwa nimelisuta gemu mwezi mzima kwa kutokuwa la kweli, niliyatazama macho ya Esta mlangoni, nikakosa pa kujificha.

"Nimeitunga, Mwalimu. Hakuna aliyeikumbuka."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya kweli."

"Mbona haina ladha?" Akavuta kigoda mbele. "Rudia ya tatu."

Nikairudia. Safari hii mpira ulitambaa taratibu zaidi, kipa akajigeuza akijaribu kuushika, na ulipovuka mstari uwanja mzima uliinuka kwa kelele, vigoda chini, Mwalimu amenyoosha ngumi juu kama mvulana, analia waziwazi. Alipoketi alijifuta uso kwa leso, akamgeukia shemeji yake, yule mjomba wa Esta. "Njoo na mwenzako," akasema, "tulimalize lile jambo, kabla huyu hajawasha kitu kingine."

Nimeapa tangu siku hiyo, na Esta ni shahidi, sitawasha injini ya aina yoyote ili kumshinda mtu ubishi, wala sitalilaumu gemu lolote kwa kombora lililopotea njia. Wenye kulitengeneza huenda nao hawakupata aliyefumbua macho, wakatunga kama mimi. Chilumba anasema alishinda, maana redio ilipotea, na mimi namwachia. Mikorosho ya baba mkwe naipulizia alfajiri, betri za redio yake nikiwa nimezitia mfukoni mwangu kwa usalama. Ile penalti ya tatu sasa inajulikana hadi Lupaso, kwa mwamba wake na mgongo wa kipa, na akija mgeni yeyote nyumbani, Mwalimu humkalisha na kumsimulia yeye mwenyewe, neno kwa neno, huku akiapa kwamba aliisikia kwa masikio yake redioni.