Klipu ya Turbo na Mama Mkwe

Hili nalisimulia kwa aibu, maana lilinitokea mchana kweupe pale kiwanja cha ndege cha Bariadi, mbele ya watu wanaonijua, na mpaka leo ndege ikipita juu najikuta nimeinama.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa na kila mwenye mzani akawa mnunuzi, sasa huyu mmoja (sisi tulimwita Bosi) alikuwa anakuja kwa kindege cha injini moja yenye turbo, na siku hiyo rubani akakuta mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo umelegea, fundi wa ndege yuko Mwanza, Bosi ana haraka, ndipo mtu akanitaja mimi, fundi wa malori. Bosi akasema nikiuweza huo mpira, mashine zote za kiwanda chake kipya cha kuchambua pamba zitakuwa chini yangu. Nikajibu turbo ni turbo tu. (Kwenye malori nilikuwa nimefungua mbili. Kurudishia nilirudishia moja.)

Rubani akanieleza taratibu, "Fundi, hiki kishikio chekundu ndicho kinachoipimia injini mafuta. Wakati wa kuruka nakisukuma mpaka mwisho, mafuta yanakuja mengi, na turbo inaleta hewa ya kuyatosha. Hewa ikipungua, injini inazama kwenye mafuta yake yenyewe. Kwa hiyo klipu inayoushika huo mpira, kaza vizuri."

Nikaanza kukaza. Nimezungusha bisibisi kama mara tatu hivi, nikainua macho, nikaona akina mama wa Ngulyati wanakuja kutazama ndege, na mbele yao mama mkwe wangu. Sasa kwetu Wasukuma mkwilima, yaani mume wa binti, hakutani uso kwa uso na mama mkwe, na kiwanjani hakuna hata kichaka, basi nikaingia ndani ya ndege nikajikunja nyuma ya viti, shati nimelivuta kichwani.

"Umekaza?" rubani akauliza.

"Nimekaza," nikajibu kutoka chini.

Akaniamini. Watu wakasogezwa nyuma, akawasha ili ajaribu kabla Bosi hajapanda, akasukuma kishikio chekundu mpaka mwisho, akaongeza moto, kukasikika pu, mpira umechomoka, na moshi mweusi ule sijauona hata kwenye lori bovu. Akarudisha kishikio kupunguza mafuta, injini ikakohoa, ikanguruma kinyonge, akaizima. Alipofungua mlango, umati mzima ukaniona nimepiga magoti, bisibisi mkononi, kichwa ndani ya shati.

Bosi hakugomba. Aliuliza tu kama mji huu una fundi mwingine. Iliniuma sana.

Ndipo nikamsikia mama mkwe akimwambia jirani yake, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mkwilima, mimi nilishampa mgongo zamani, tangu nilipomwona kwenye injini. Nilitaka amalize kazi yake."

Kiwandani walichukua mtu wa Maswa. Mimi nimebaki na malori yangu, na tangu siku ile nakaza klipu mpaka mwisho ndipo niinue macho, hata kama ukoo mzima wa mke wangu umesimama hapo.